Safu ya Idadi

Fomu ilikuwa na safu tano:
jina, mali, idadi, umri, thamani.
Nilivaa buti za mpira zilizonizidi namba mbili
nikashuka bonde la Msimbazi upande wa Kigogo,
Jumanne asubuhi, jua bado halijakasirika.

Sikudhani binti Mwinshehe alikuwa ndani ya matete.
Simwoni, namsikia:
chwa, chwa, panga likisemezana na mabua,
kisha kimya, kisha kikohozi.
"Pita hapo penye tairi. Pengine pote panameza."

Nikapita penye tairi.

Ndani kule mji unazimika.
Honi za Barabara ya Kawawa zinageuka nzi wa mbali.
Juu ya kichwa, masuke ya rangi ya chai ya maziwa
yanafagia mbingu iliyokwisha kufagiwa.
Chini, maji meusi, chupa ya dawa ya kikohozi,
ndala ya mtoto, ya kushoto,
na baina ya juu na chini mabua, mabua,
hakuna mti, hakuna ua, hakuna gugu jingine
lililothubutu kuomba nafasi.
Jani likanichanja mkono kwa adabu.
Sikujua mpaka jasho lilipoingia.

"Unamiliki nini hapa, mama?"
"Haya."
"Haya mangapi?"

Akanitazama kama umtazamavyo mtu
anayepima uji kwa rula.

Nikahesabu. Mita moja ya mraba, mabua themanini na matatu.
Nyingine, mia moja na kumi.
Nikazidisha, nikakosea, nikafuta,
minana wakanicheka kutoka kwenye vikapu vyao vya kuning'inia.

Ndipo akachutama,
akazamisha mkono matopeni hadi kwapani,
sura yake ikawa ya mtu atafutaye funguo,
akavuta.
Kamba nyeupe, nene kama kidole gumba, yenye vifundo,
ikainuka ikichuruzika;
hatua tatu kushoto kwangu bua likatikisika.
Akavuta tena.
Likatikisika la kule, karibu na kibao cha onyo,
na minana wakaruka wote kwa mpigo.

"Moja," akasema. "Andika moja."

Alinieleza huku akifunga fungu kwa mpira wa baiskeli:
mafuriko yalichukua jiko, godoro,
mchicha wote ukiwa tayari kwa soko,
ukuta wa jirani, na jirani.
Haya yalilala kama safu ya waumini.
"Sijda ya siku tatu, mwanangu. Kisha yakainuka."

Fungu elfu tatu.
Wa Mbagala wananunua kwa mabanda ya kuku.
"Nimesomesha wawili kwa nyasi hii. Mmoja ni mhasibu,
naye pia hesabu zake sizielewi."

Umri wa mmea, nikauliza.
"Mimi nimeyakuta. Mama yangu aliyakuta."
Nikaandika: haujulikani.

Ofisini Bwana Rugaimukamu alivaa miwani, akaivua.
"Ekari nne za matete, idadi moja?"
"Ndiyo, mzee. Nimeuona mzizi."
"Yamepandwa na nani?"
Jibu hilo halikuwa na safu.
Akachukua kalamu nyekundu, akaizungushia moja yangu
mpaka ikawa sifuri,
taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto kifungo.

Usiku, chini ya taa ya jikoni, nilitazama mkono.
Mchanjo ulikuwa umekauka:
mstari mmoja, mwembamba, umesimama wima
kuanzia kifundo cha mkono kwenda juu.
Mke wangu aliniletea spiriti na pamba.
Nikamwambia aiache kwanza.